Anayeiona Sindano Asiione Ndoo

Fundi cherehani mmoja wa Tanga, kijana wa miaka 27, aliletwa kliniki ya macho na mama yake kwa sababu ya ndoo. Kwa mara ya tatu mwezi ule alikuwa ameipiga teke ndoo ya maji, ile ile inayokaa pale pale miaka yote, kando ya mlango wa uani, na maji yakatambaa hadi jikoni. Mama alikuwa ameshafikia uamuzi kwamba mwanawe anakunywa pombe kwa siri. Kabla ya hapo walikwenda kituo kingine, wakapewa matone ya mzio na kuambiwa macho ni mazima. Nasi tukamsimamisha mbele ya bango la herufi. Alisoma mpaka mstari wa mwisho, jicho la kulia na la kushoto, asikosee hata herufi moja. Akaongeza kwamba anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, na wateja wake ni mashahidi.

"Sasa sindano unaiona, ndoo huioni?" mama akamwuliza kwa hasira.

Katika maswali yote aliyoulizwa kijana yule tangu aanze kuhangaika, hilo ndilo lililougusa ugonjwa wake. Sindano hutazamwa kwa katikati ya jicho, penye mwanga. Ndoo huonwa kwa pembeni, na siku zote tatu alizoipiga teke ilikuwa magharibi. Bango la herufi hupima sindano tu.

Ugonjwa wenyewe ni retinaitisi pigmentosa, na kliniki wengi huuita RP. Retina ni utando mwembamba uliotandikwa nyuma ya jicho kwa ndani. Ndio unaopokea mwanga na kupeleka habari zake ubongoni. Una seli za kuona za aina mbili. Fito ni za mwanga hafifu, ndizo zinazokuonyesha njia kwa nuru ya nyota, na zimeenea zaidi nje ya katikati. Koni ni za mchana, za rangi na za maandishi, na zimesongamana katikati. Katika RP, kasoro ya jeni huzifanya fito zife polepole, miaka nenda miaka rudi, kisha koni hufuata. Ndiyo maana usiku huondoka kwanza, pembeni hufuata, katikati hubaki mwisho. Jina lilitolewa Ulaya katika miaka ya 1850, muda mfupi baada ya Hermann von Helmholtz kutengeneza chombo cha kuchungulia ndani ya jicho mwaka 1851, na linapotosha kidogo: ile "itisi" yake huashiria mahali palipowaka na kuvimba, na hapa chanzo ni urithi.

Hukadiriwa kwamba anaugua mtu 1 kati ya kila 4,000 duniani. Kwa Dar es Salaam, iliyohesabiwa watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022, kiwango hicho kingekuwa watu zaidi ya 1,300, abiria wa kujaza daladala arobaini hivi.

Anza na saa kumi na mbili jioni

Huku karibu na ikweta jua halina kusitasita. Likishazama, nusu saa haipiti kabla giza halijakaza. Mwenye fito dhaifu hapati muda wa kuzoea; kwake ni kama mtu amezima taa. Kwa hiyo mtazame mtu wako unayemtilia shaka kwa wiki moja, kati ya saa 12 na saa 1 jioni. Nasema mtazame, kwa sababu kumwuliza hakusaidii sana. Mtoto aliyekua na ugonjwa huu huamini kwamba usiku ndivyo ulivyo, kwamba hakuna anayeona. Ukimwuliza "unaona gizani?" atakujibu kama ambavyo wewe ungejibu: "Nani anaona gizani?" Kama lazima uulize, uliza hivi: "Umeme ukikatika, nani kati yenu hutangulia kuupata mlango?"

Mtoto mwenye RP huacha mpira uwanjani wenzake wakiwa bado wanacheza, akasema amechoka. Akitumwa dukani jioni, hutafuta sababu, au huenda na mdogo wake amemshika bega. Wazazi humwita mwoga. Mtu mzima amejifunza ujanja zaidi: hupanga safari arudi kabla ya saa 11, hukwepa mialiko ya usiku, hubeba tochi hata mbalamwezi ikiwaka, na wenzake wakisindikizana yeye hushika nyuma ili afuate vivuli vyao. Akitoka juani na kuingia duka lenye kiza husimama mlangoni. Sote husimama, ila kidogo tu. Yeye hukaa, hujifanya anaangalia simu, na macho hayamfunguki. Na gari la mbele likimmulika barabarani, nuru ile humwachia weupe usioondoka upesi.

Dalili za mchana huja baadaye na hukosewa zaidi, kwa kuwa hufanana na tabia mbaya. Unamnyooshea mkono wa salamu, mkono unabaki hewani, nawe unaondoka ukisema fulani siku hizi ana maringo. Hakuuona. Alikuwa anakutazama usoni, na mkono ulikuwa nje ya duara analoona. Humpiga kumbo mtu sokoni asiombe radhi, humkanyaga mtoto anayetambaa, huimwaga chai iliyowekwa ubavuni mwake. Sarafu ikimdondoka huitafuta kwa kupeleka kichwa huku na huku, kipande kwa kipande, kama anayefagia kwa macho. Jambo moja huwashangaza sana ndugu: mtu aliye mbali humwona mzima, kichwa hadi miguu, lakini akisogea karibu humwona uso tu. Ni hesabu ya tundu. Ukichungulia kwa bomba, nyumba iliyo ng'ambo ya barabara yote huingia, na mlango ulio mbele yako hauingii.

Wengine huona vimulimuli au cheche pembeni, hata macho yakiwa yamefumbwa, na huogopa kusema wasije wakapelekwa kwa mganga.

Mimi nina mazoea ambayo sikuyapata kitabuni. Kabla ya kutazama macho hutazama miundi. Mwenye RP ya miaka mingi ana makovu mbele ya miguu, mapya juu ya ya zamani, karibu yote kwenye kimo kimoja, kimo cha kitanda, cha benchi, cha ndoo. Yule fundi alipopandisha suruali mama yake aliacha kuzungumza.

Majaribio mawili ya nyumbani

La kwanza ni la pembeni. Kaeni mkitazamana, umbali wa mita 1 hivi, mahali penye mwanga. Yeye afunike jicho la kushoto kwa kiganja, wewe ufunike la kulia, kisha mtazamane kwenye jicho lililo wazi bila kuhama. Nyoosha mkono wako huru kando, katikati yenu, ukitikisa kidole, na ukilete ndani taratibu kutoka nje. Aseme "naam" mara akiona kinatikisika. Wewe ndiye kipimo: mkikiona karibu pamoja, upande huo ni salama. Ukikiona wewe na yeye kimya, kidole kikaja hadi karibu na pua ndipo akaitikia, andika. Rudia juu, chini na pande zote, kisha jicho la pili. Atakaye kubahatisha atakuambia "naam" mapema, kwa hiyo mara nyingine nyoosha mkono bila kutikisa kidole.

La pili ni la giza. Ondoeni viti na chochote cha kukwaza, zimeni taa, acheni mwanga hafifu unaoingia chini ya mlango. Kaeni humo dakika 20 mkizungumza. Macho mazima huendelea kufunguka kwa dakika zote hizo na zaidi. Kisha mtaje mnavyoviona: dirisha, kanga ukutani, umbo la mwenzako. Tofauti ikiwapo hujitokeza yenyewe. Usimjaribu mtu kwenye ngazi wala barabarani.

Majaribio haya hayataji ugonjwa. Yanakupa tu neno la kumwambia daktari.

Kwanza viondolewe vinavyotibika

Kutoona usiku si RP peke yake, na ningesikitika mtu akisoma makala haya akakata tamaa juu ya mtoto anayehitaji vitamini tu. Upungufu wa vitamini A huanza hivyo hivyo: mtoto aliyetoka kuugua surua, aliyedhoofu kwa utapiamlo au kuhara kwa muda mrefu, anaanza kupapasa jioni. Macho yake hukauka, na kwenye weupe wa jicho huweza kuonekana vidoa kama povu la sabuni. Huyo apelekwe kituo cha afya leo, maana akichelewa kioo cha mbele cha jicho huharibika, na akipewa dozi mapema usiku wake hurudi ndani ya siku chache.

Mtu asiyeona mbali naye hulalamikia usiku, miwani ikamtosheleza. Kaswende ya muda mrefu huacha makovu kwenye retina yanayofanana sana na RP, na kipimo chake ni cha damu. Vidonge vya klorokwini na ndugu zake, vikimezwa miaka mingi kwa maradhi ya viungo, huweza kuudhuru utando ule ule. Aliyekulia maeneo ya ugonjwa wa usubi, kama Mahenge, amwambie daktari, kwa kuwa nao hufika machoni. Na presha ya macho hula pembeni kimyakimya, hasa kwa waliopita miaka 40, ila hao kwa kawaida hawaanzi kwa kulalamikia giza.

Kuna pia ndugu wa RP anayekwenda kinyumenyume. Ugonjwa wa Stargardt, wa kurithi vilevile, huanzia katikati, mara nyingi utotoni au ujanani: mwanafunzi hashiki maandishi ubaoni na miwani haimsaidii, huku akitembea gizani bila kujikwaa. Ndoo anaiona, sindano haioni.

Siku ya kliniki

Omba miadi ya asubuhi. Utatiwa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa mwanga utakuchoma na maandishi ya karibu yatakuyeyukia. Ukitoka saa 10 alasiri ukiwa na mboni zilizopanuka na RP juu yake, magharibi itakukuta stendi. Nenda na mtu, usiendeshe, beba kofia.

Na usiseme "macho yananisumbua." Sentensi hiyo ndiyo iliyompatia yule fundi dawa ya mzio. Sema: "Mchana nasoma vizuri, jioni sioni, na ninajikwaa kwa vitu vya pembeni. Naomba retina yangu itazamwe kwa mboni zilizopanuliwa." Taja lini ulianza, hata kama ni "tangu darasa la tatu nilikuwa siwezi kucheza kombolela."

Akichungulia ndani, daktari hutafuta mambo matatu. Mishipa ya damu ya retina imekonda, mingine kama uzi. Kichwa cha mshipa wa fahamu wa jicho, ambacho kwa mtu mwenye afya kina wekundu wa machungwa uliofifia, kimepauka kama nta ya mshumaa. Na kwenye mzunguko wa pembeni kuna vidoa vyeusi vyenye vimatawi, ambavyo wakongwe wa fani walivifananisha na chembe za mfupa. Mimi huona miguu ya buibui. Vidoa hivyo huja kwa kuchelewa, kwa hiyo asipoviona kwa kijana mwenye historia iliyonyooka, hilo pekee halitoshi kumrudisha nyumbani. Atatazama pia mtoto wa jicho, hasa ule wa nyuma ya lenzi, ambao kwa watu wa RP huja mapema.

Baada ya hapo kuna kipimo cha uwanda wa kuona, ambapo unabonyeza kitufe kila ukiona nukta. Picha ya matabaka ya retina. Na kipimo cha umeme wa retina, ambacho huonyesha fito zimenyamaza hata kabla uwanda haujabana sana. Hicho cha mwisho hakipatikani kila mahali. Kabla ya kupanda basi kwenda Muhimbili au CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi, Kenyatta au Kikuyu kule Kenya, piga simu uulize kama mashine ipo na inafanya kazi wiki hiyo. Na omba nakala ya majibu ya kipimo cha uwanda wa kuona uiweke. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mtu ambaye uwanda wake umebana ndani ya nyuzi 10 kutoka katikati huhesabiwa kipofu, hata kama anausoma mstari wa mwisho wa bango. Karatasi hiyo itazungumza kwa niaba yako mbele ya mwajiri au ofisi ya ustawi wa jamii, ambako utaonekana unasoma fomu mwenyewe na utashukiwa.

Masikio, vidole, na mtoto mchanga

Wakati mwingine RP haiji peke yake. Mtoto aliyezaliwa na uziwi, halafu akachelewa kutembea hadi akapita mwaka na nusu kwa kukosa mizani, apimwe retina. Huenda ni sindromu ya Usher, inayoshika masikio kwanza na macho baadaye. Kwake jambo hili ni zito kuliko kwa mtu mwingine, kwa sababu lugha yake yote hupitia machoni. Walimu wa shule za viziwi, tazameni anayewavuta wenzake chini ya taa kila jioni ili waongee, na anayekosa ishara zinazofanyika chini ya kifua.

Kidole cha sita kwetu ni jambo la kawaida. Wakunga wamekifunga uzi tangu enzi, na peke yake hakina maana yoyote. Lakini kovu lake ubavuni mwa kiganja, pamoja na unene ulioanza utotoni, uzito wa kujifunza na macho ya jioni, ni sababu ya kumwambia daktari apime na figo: ndiyo sura ya sindromu ya Bardet-Biedl.

Mtoto mchanga aliyefikisha miezi mitatu na hafuati uso wa mama yake, macho yanayumba, na anajikandamiza macho kwa ngumi mara kwa mara, huenda retina yake ilikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Apelekwe. Na mboni ikionekana nyeupe, kwa macho yako au kwenye picha ya simu, usingoje miadi. Hiyo huweza kuwa saratani ya jicho, na huko siku zinahesabika.

Chora ukoo

Chukua karatasi uchore familia, miraba kwa wanaume, duara kwa wanawake, hadi mababu. Mara nyingi hutapata kipofu. Utampata mjomba "aliyekuwa hapendi kutoka usiku", au shangazi aliyeacha biashara ya vitumbua vya jioni bila kueleza kwa nini. Wapake rangi hao.

Jeni huja kwa jozi, moja ya mama na moja ya baba. Kuna RP inayotokea kwa nakala moja mbovu tu: mgonjwa humpitishia kila mtoto kwa nafasi ya 1 kati ya 2. Kuna inayohitaji nakala zote mbili: wazazi ni wabebaji wasiougua, na kila mtoto ana nafasi ya 1 kati ya 4. Na kuna inayofuata upande wa mama, ikawashika zaidi watoto wa kiume. Hapo wajomba ndio wa kuulizwa. Wengi hata hivyo huja bila mgonjwa mwingine anayejulikana katika ukoo.

Pwani tunasema binamu nyama ya hamu. Ndoa hizo zina heshima zake na sina nia ya kuzivunjia watu, ila ni kweli kwamba ndugu wakioana, nakala mbovu iliyotoka kwa babu mmoja hupata nafasi ya kukutana na mwenzake. Daktari akiuliza kama wazazi wana nasaba, anahesabu, hatukani. Mama wa fundi wetu alijibu kwa sauti ndogo kwamba yeye na mumewe ni watoto wa ndugu wawili. Usitumie karatasi hiyo kumtafuta wa kulaumiwa: wabebaji wako kila ukoo, na hakuna aliyejichagulia jeni.

Kinachowezekana, na cha kukataa

RP nyingi hazina dawa ya kuzirudisha fito. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya jeni iitwayo Luxturna, lakini ni kwa wenye kasoro ya jeni moja tu, RPE65, na bei yake ilipotangazwa ilikuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Anayekuambia ana chupa ya shilingi 50,000 inayofanya kazi hiyo, mwage. Vitamini A ya dozi kubwa ilipewa matumaini na utafiti wa 1993, na takwimu zilipopitiwa upya miaka 30 baadaye faida haikuonekana. Huku ini huweza kuumia, mimba huweza kudhurika, na mwenye Stargardt hushauriwa asiinywe kabisa.

Kinachotibika kisiachwe. Mtoto wa jicho huondolewa. Maji yanayojaa katikati ya retina, yanayoharibu hata ile sindano, mara nyingi hupungua kwa dawa. Miwani, kofia yenye ukingo, mstari mweupe wa rangi kwenye kila ngazi ya nyumbani, na ndoo ya rangi inayotofautiana na sakafu, vyote husaidia. Pikipiki iuzwe mapema. Fimbo nyeupe ifunzwe wakati macho yangali mazuri mchana, vidole vijifunze njia bila haraka. Ugonjwa huenda kwa miongo, na wengi hubaki na mwanga fulani maisha yote.

Kwenye miadi ya pili lete ndugu wote wa tumbo moja, hata wasio na malalamiko. Fundi alikuja na dada yake na mdogo wao wa miaka 12, aliyetuambia mara mbili kwamba yeye haumwi. Bango alilisoma lote. Tukawaomba wavuke ukumbi mdogo wa nyuma, tuliouondolea viti na kuuzimia taa. Dada akavuka, akageuka, akamwita. Mdogo wake alikuwa bado mlangoni, mkono mmoja kwenye kitasa, anatabasamu kuelekea mahali ambapo dada hakuwapo.